Sufuria Yenye Sikio la Waya

Juzi walikuja kunisalimu vijana watatu wa chuo cha uuguzi. Walikunywa chai yangu, wakala ndizi zangu, kisha mmoja wao akainua macho ukutani na kuniuliza kwa adabu iliyozidi kidogo, "Mzee, hiyo fremu ilianguka?" Wenzake wakainamia vikombe vyao. Niliona mabega yakitikisika.

Fremu yenyewe ni nzuri, ya mbao ngumu, na kioo chake hakina ufa. Imetundikwa mahali ambapo watu wengine huweka picha ya arusi. Lakini kinachoonekana ndani yake ni mgongo wa karatasi. Diploma yangu inautazama ukuta.

Haikuanguka. Niliitundika hivyo kwa mkono wangu, nikiwa na akili timamu. Sikuwajibu ninyi watatu siku ile kwa sababu nilipokuwa na umri wenu nami nilikuwa mwepesi wa kuwacheka wazee, na najua kijana anayecheka hasikii vizuri. Niliwaahidi nitaandika. Basi kaeni vizuri, na aliye na ndizi mkononi aimalize kwanza.

Mnijue kwanza. Mimi ni Mutiso, mtoto wa Kilungu, niliyesoma mpaka darasa la sita na kumalizia mengine kwa taa ya kibatari. Niliingia hospitali ya Kitui miaka ya arobaini nikiwa dresa, yaani yule wa kuosha vidonda na kubeba ndoo. Miaka michache baadaye nilikuwa na cheti cha Nairobi. Miaka michache tena, nilikuwa nimevaa koti zito Uingereza, nikisomea diploma ya juu ya elimu darasa moja na watu wenye digrii zao. Kama kuna dresa mwingine wa Kitui au Makueni aliyefika huko kabla yangu, basi alifika kimyakimya, maana mimi sikumsikia.

Wengi walidhani nimekwenda kuongeza udaktari. La. Nilikwenda kusomea elimu: jinsi mtu mzima anavyofundishwa jambo la afya, akalishika, akaenda nalo nyumbani. Nilikuwa nimechoka kutibu tumbo lile lile la mtoto yule yule. Na wazo hilo sikulipata Ulaya. Nililipata kijijini Nuu.

Nuu nilipelekwa nikiwa kijana mwenye funguo za zahanati na kiburi cha funguo hizo. Mwaka ule mvua ilikuwa imekataa. Akaja mzee mmoja mfugaji ana homa, nikampa vidonge katika karatasi iliyokunjwa vizuri, nikamwambia kwa sauti ya serikali: kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni, kila mara baada ya chakula. Akarudia maneno yangu yote bila kosa. Siku ya nne akarudi akitetemeka. Alikuwa na ile karatasi mkononi, na vidonge vyote vilikuwa ndani yake. Nikamgombeza. Nilimwambia watu wa Nuu hawasikii. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Daktari, nimekungojea hicho chakula siku nne."

Niliporudi Kitui kuchukua dawa nilimsimulia mkuu wa madresa, Mwalimu Athumani. Huyu alikuwa mtu wa mjini Kitui ambaye babu yake alitoka pwani na misafara ya biashara. Ndiye aliyenifundisha kazi, na ndiye aliyenifundisha Kiswahili hiki mnachokisoma, akikinyoosha kama mtu anyooshavyo waya. Nilimsimulia kama kichekesho. Hakucheka. Aliendelea kukunja bendeji, akauliza, "Ulimwambia baada ya chakula. Ulimuuliza kama kipo?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka Ulaya. Wengine wanapelekwa na meli tu.

Sasa turukie kule. Sitawasimulia baridi, kila aliyekwenda huko anaisimulia, na wengine hawakutoka hata Mombasa. Msimamizi wangu alikuwa mama mmoja mwembamba, Bi Tilbrook, aliyeandika kwa wino wa kijani na aliyekuwa na masikio ya kumsikia mwanafunzi akidanganya katika chumba cha pili. Alinifundisha kanuni moja mwaka mzima: andika ulichokiona, si ulichokifikiri. Ukiona mlango, andika ni wa mbao gani. Ukiona mwanamke anasonga ugali, andika mkono upi umeshika mwiko. Nilimwona kama mtu anayepoteza wino. Lakini nilitii, maana nilitaka diploma, na diploma ilikuwa mkononi mwake.

Mpango ulikuwa hivi. Masomo ya darasani nimalize kule, kisha nirudi nyumbani nifanye utafiti, niuandike, nimpelekee kwa posta. Kazi yote iwe mezani kwake kabla ya mwaka kwisha, la sivyo nafasi yangu inafungwa na jina langu linafutwa. Hospitalini Kitui walikuwa wameniwekea kiti cha mwalimu wa madresa. Nikipata diploma, nakikalia. Nikiikosa, ndoo yangu ya vidonda bado ilikuwa pale pale, na wenzangu walikuwa wameanza kuniuliza kwa upole kama nitakumbuka jinsi ya kuishika.

Utafiti wangu ulihusu maji. Kabla ya kwenda Ulaya nilikuwa nimewafundisha akina mama wa mlima mmoja wa Kilungu, kwetu nyumbani, kuchemsha maji ya kunywa. Niliwafundisha kwa picha, kwa hotuba, hata kwa kijiti cha kuwaonyeshea. Sasa nilitaka kujua ni wangapi walioshika somo. Nilichagua Kilungu kwa sababu watu wananijua. Mtafiti mzoefu angechagua mahali pengine kwa sababu hiyo hiyo, lakini mimi sikuwa mzoefu. Nilikuwa hodari tu.

Nilipanda ule mlima na suti ya sufu, karatasi za maswali nilizozipiga chapa mwenyewe, na kalamu mbili mfukoni. Swali la kwanza kabisa lilikuwa: una watoto wangapi?

Ninyi mnaotoka huku mmeshaanza kucheka. Mkamba gani anahesabu watoto wa mtu mbele ya mama yao? Hatuhesabu hata mbuzi kwa kidole, tunaogopa mkosi. Mimi nilijua hayo kabla sijajua kutembea, lakini mwaka mmoja wa chuo ulikuwa umeyafuta kama chaki. Mama wa kwanza aliniangalia, akaangalia ua, akasema, "Wapo." Niliandika: wapo. Wa pili akasema, "Si unawaona?" Nilipofika nyumbani mchana, mama yangu mzazi alikuwa ameshapata habari. Aliniwekea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, mbele yangu, akaniuliza kama huko nilikokwenda watu huzaa kwa orodha.

Lakini mjanja ni mjanja. Mchana ule nilifuta swali na kuwaomba waniambie majina ya watoto, mmoja mmoja, na aliyepewa jina la nani. Mama yeyote atakutajia majina kwa furaha, na baadaye utahesabu mwenyewe ukiwa peke yako na daftari lako. Wekeni hilo akilini. Katika vitabu vyenu halimo.

Swali la maji lilikwenda vizuri mno. Nyumba baada ya nyumba, nilipouliza kama wanachemsha, jibu lilikuwa ndiyo. Na si ndiyo ya mdomo. Nilikuwa nakaribishwa, naketishwa kwenye kigoda, na baada ya muda mama mwenye nyumba anatoka jikoni na sufuria inayofuka moshi, ananichotea kikombe. Nilikunywa maji ya moto Kilungu mpaka nikawa sipiti kichaka bila kukisalimu. Nilikunywa kwa uzalendo. Kila kikombe kilikuwa ukurasa wa diploma.

Na jinsi walivyonipokea! Kila nyumba, kabla sijafungua daftari, mama anaanza kuniuliza habari za Uingereza. Ni kweli treni zinapita chini ya ardhi? Zinapumuaje huko? Malkia anaonekana barabarani? Mimi nilikuwa nawapa yote, tena kwa mikono, nikisimama kuonyesha jinsi mtu anavyotembea juu ya theluji. Walinisikiliza wakishika mashavu. Nikimaliza, mmoja atasema, "Rudia pale pa treni." Na mimi narudia.

Kwa siku sita nilizunguka mlima ule. Niliandika kila kitu kama Bi Tilbrook alivyotaka: mafiga ya mawe matatu, kibuyu kilichoning'inia, rangi ya moshi darini. Niliandika matokeo: somo limeshikwa karibu kila nyumba. Nikaongeza sura ya mwisho kuhusu umuhimu wa mwalimu bora, ambamo sikumtaja mtu kwa jina lakini yeyote mwenye akili angejua ni nani. Nikafunga kifurushi pamoja na daftari lenyewe, nikakipeleka posta, nikaanza kupima suruali ya kuvaa siku ya kukalia kiti cha mwalimu.

Jibu lilikuja baada ya wiki nyingi. Barua ilikuwa fupi. Bi Tilbrook alinishukuru kwa daftari, akasema ni safi kuliko yote aliyowahi kuletewa. Kisha, kwa wino wa kijani, alinakili maneno yangu mwenyewe kutoka ukurasa wa tatu: sufuria nyeusi, sikio moja limekatika, mahali pake pamefungwa waya wa shaba. Chini yake akaandika namba za kurasa nyingine zenye maneno hayo hayo. Zilikuwa mstari mzima. Na swali moja tu: "Bwana Mutiso, Kilungu kuna sufuria ngapi za namna hii?"

Nilisoma barua ile nikiwa nimesimama nje ya posta ya Kitui. Mama ambaye hajawahi kukanyaga Kilungu, ambaye hajui hata mlima unaangalia wapi, alikuwa ameiona sufuria moja ikitembea kutoka nyumba hadi nyumba. Mimi niliyekuwa pale, niliyekunywa maji yake, nilikuwa nimeiandika mara zote hizo kwa mwandiko mzuri na sikuiona.

Mwaka ulikuwa umebakiza miezi michache. Nitawaambia nilichofanya, ingawa sijivunii. Niliketi nikaandika barua ya kumjibu. Nilisema kwamba Kilungu kuna mhunzi mmoja anayetengeneza sufuria zote za mlima, na kwamba yeye hufunga kila sikio lililokatika kwa waya wa shaba wa aina ile ile, kwa kuwa Wakamba ni mafundi wa waya tangu zamani. Ilikuwa barua nzuri. Hata leo nikiikumbuka naiona nzuri.

Kabla ya kuituma nikampelekea Mwalimu Athumani aisahihishe lugha, maana sikuona aibu kumwonyesha. Alikuwa karibu kustaafu, miwani yake imefungwa kwa uzi. Nilimweleza yote. Alisoma barua polepole, akanirudishia.

"Barua imetulia," akasema. "Haya, niambie huyo mhunzi anaitwa nani, nimpelekee sufuria yangu. Nayo imekatika sikio."

Niliikunja barua. Naye akaningoja. Alikuwa na namna ya kungoja iliyoweza kutoa jipu. Mwisho akaniambia nikawaulize wenye sufuria, na nisiende na suti.

Nilikwenda bila suti. Siku niliyofika Kilungu sikumkuta mtu nyumbani. Wanawake wote wa mlima walikuwa kwenye mwethya, ile kazi ya ushirika, leo shamba la huyu, kesho la yule. Wakati ule serikali ilitaka matuta kila mteremko, na mwethya ndio uliokuwa unayachimba. Niliwasikia kabla sijawaona, majembe yakishuka pamoja na wimbo. Aliyeongoza wimbo alikuwa Syokau, mama mrefu mwenye sauti ya kupasua kuni, ambaye nyumba yake ilikuwa ya kwanza kwenye njia yangu ya utafiti. Mama yangu alikuwa mstari wa pili.

Syokau aliponiona juu ya tuta alibadilisha maneno ya wimbo bila kukatisha jembe. Aliimba kwamba mgeni wa treni amekuja, je, ana kiu? Na mstari mzima ukaitikia: mpeni maji, mpeni maji, yapo moto kwa jirani.

Walicheka mpaka mmoja akaketi chini.

Nikasema nimekuja kuuliza swali. Syokau akanitupia jembe. Alisema kwenye mwethya hakuna mtu wa kuuliza maswali akiwa amesimama. Kama nina swali, nichimbe nikiuliza. Basi nilichimba. Mikono yangu ilikuwa imezoea kalamu na mkasi, na kwa nusu saa nilitoa udongo ambao kuku angeutoa kwa robo saa, na hilo niliambiwa na zaidi ya mtu mmoja. Jasho lilipofika kiunoni, Syokau mwenyewe akaanza.

Sufuria ilikuwa yake. Ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, na nyumba nyingi zilipikia vyungu tu, ambavyo walijua kwamba mimi sivipendi kwa maji. Asubuhi aliyachemsha maji mara moja. Mimi nikishaondoka kwake, sufuria ilifungwa kwa majani ya mgomba, ikawekwa ndani ya kikapu cha kiondo, ikabebwa na mwanamke aliyekata njia ya mkato kupitia mashambani, wakati mimi nazunguka kwa njia kubwa. Ikifika nyumba ya pili inawekwa mafigani ipate moto kidogo. Na kama haijafika?

"Kama haijafika, tunakuuliza habari za treni," akasema.

Vijana, nimepigwa na mengi maishani. Nimepigwa teke na punda wa zahanati. Hakuna kilichoniuma kama treni ile. Yale mashavu waliyoyashika walikuwa wanayazuia yasicheke.

Nikawauliza kwa nini. Hapo kicheko kikaisha, na aliyejibu hakuwa Syokau. Mama yangu aliegemea jembe lake.

"Uliniandikia kwamba una mtihani," akasema. "Ukasema mtihani wenyewe ni sisi. Mtoto wa mtu yuko kwenye mtihani, mtu aketi tu amwangalie akianguka? Niliwaomba hawa wenzangu. Hakuna aliyekataa."

Nilikuwa nimekuja na hasira ya mtu aliyedanganywa, na sasa sikujua pa kuiweka. Wanawake wale walikuwa wameacha mashamba siku sita ili mimi nipite. Na mimi nilikuwa nimeandika sura nzima kumsifu mwalimu.

Niliwaeleza mambo yalivyo: yule mama wa Ulaya ameshajua, nami sina budi kumwandikia ukweli, na ukweli ni kwamba somo langu halikushikwa, na pengine diploma itapotea. Mama yangu akasema basi nisiandike. Syokau akasema niandike, lakini niandike na sababu. Na sababu alizitoa pale pale, akichimba. Kuni za kuchemsha sufuria moja zinatoka bondeni, zinapanda kwa mgongo wake, si kwa kijiti changu cha kuonyeshea picha. Maji yakishachemka yanakuwa hayana ladha, watoto wanayatema. Na katika hotuba zangu zote, akasema, sikuwahi kumuuliza hata mmoja wao kuni anazitoa wapi.

Nilikumbuka karatasi ya vidonge, imekunjwa vizuri. Nuu ilikuwa imenifuata mpaka Kilungu.

Nilikaa nao wiki tatu. Asubuhi nilichimba, mchana niliandika. Daftari jipya nililiacha kwa mama yangu, kwa sababu niligundua kwamba likitoka mfukoni, watu wanaanza kusema Kiswahili cha hospitali. Nilijifunza kutoangalia sufuria tena. Niliangalia majivu. Sufuria inaweza kutembea. Majivu ya siku tatu hayatembei. Nilijifunza kumngoja mtu amalize kunijibu mara mbili, kwa kuwa jibu la kwanza ni la mgeni na la pili ndilo lake. Na malengelenge yangu yalipopasuka, ni wao walioyafunga, wakinikumbusha kwa sauti nyororo kwamba kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa.

Siku moja, tukiwa tumepumzika, Syokau alisema jambo kana kwamba anazungumza na jembe. Ile sufuria ilimaliza nyumba zote za mlima na maji yalikuwa bado moto. Kama iliweza kuzunguka ili kunidanganya mimi mtu mzima, itashindwaje kuzunguka kwa ajili ya watoto wanaoanza kuacha ziwa? Achemshe mmoja leo, mwingine kesho, kama mwethya. Kuni za zamu moja mgongo unaziweza.

Wazo hilo halikuwa langu. Nalisema wazi, kwa sababu baadaye nimelisikia likisifiwa mbele yangu, na mdomo wangu ulikuwa mzito kusahihisha.

Walijaribu. Nyumba nyingine ziliacha baada ya siku chache, na mama mmoja aligombana na mwenzake wa zamu, na mpaka leo sijui aliyekuwa na haki. Lakini zaidi ya nusu waliendelea kiangazi chote. Na ile ladha? Syokau aliipata kwa kuyamimina maji yaliyopoa kutoka kibuyu kimoja hadi kingine, mara nyingi, toka juu. Yakirudi kuwa na hewa, yanarudi kuwa maji. Mtoto hatemi. Hilo nalo mkalijaribu nyumbani kabla ya kunicheka.

Niliandika upya kazi yote. Ile sura ya mwalimu bora niliichana, nikaiwashia moto wa zamu ya mama yangu. Ndiyo mara pekee ilipochemsha kitu. Sura mpya ilieleza jinsi mtafiti alivyodanganywa na kijiji kizima kwa upendo, kwa kutumia sufuria moja, na kijiji hicho kilivyojifundisha kwa sufuria hiyo hiyo. Niliweka na wimbo wa treni, neno kwa neno. Ilifika mezani kwa Bi Tilbrook mwaka ukiwa umebakiza siku za kuhesabika. Kisha nikangoja, nikiosha vidonda katika chumba kile kile, na wenzangu wakiniuliza kwa upole kama ndoo ni nzito.

Diploma ilikuja ndani ya bomba la karatasi ngumu. Ilikuwa na muhuri mwekundu na jina langu kwa herufi za mapambo, refu kuliko nilivyowahi kuliona. Kiti cha mwalimu nilikikalia, na nilikikalia vizuri. Ulizeni yeyote niliyemfundisha. Lakini kabla ya kukikalia niliipeleka diploma Kilungu. Niliwakuta tena kwenye mwethya. Nilisimama juu ya tuta nikaifungua kwa mikono miwili, nikitarajia vigelegele.

Vigelegele vilipigwa, sikatai. Mama yangu alifuta mikono kwa nguo yake mara mbili kabla ya kuigusa. Ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akiishika pembeni kwa ncha za vidole, mpaka ikamfikia Syokau. Hakujua kusoma, lakini jina aliweza kuliona kwamba ni moja. Aliliangalia kwa muda. Kisha akaigeuza karatasi, akatazama nyuma, upande mweupe, kwa makini, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

"Na sisi tuko wapi?" akaniuliza.

Hakuna aliyecheka, na hakuuliza kwa ubaya. Alidhani tu kwamba karatasi imegeuzwa kimakosa.

Niliomba kiti, nikaomba kibao cha kukatia mboga, nikatoa kalamu. Upande ule mweupe niliandika majina yao, moja moja kama walivyoyataja wenyewe, kuanzia Syokau, na la mama yangu mwisho kwa sababu alikataa kutangulia. Sikuyahesabu. Chini kabisa, kwa kuwa walilazimisha, nilichora sufuria, nikalitia wino zaidi lile sikio la waya.

Huo ndio upande mliouona. Mkija tena, sogeeni karibu msome. Wa kwanza kuniambia jina lililo juu atapewa ndizi mbili.